Matarumbeta Mawili na Msumeno wa Mkwe

Mara nyingi watu wanaopenda muziki huniuliza lipi bora: tarumbeta lililoundwa kwa kuagizwa, kwa kipimo cha mpigaji mwenyewe, au lile la kawaida lililokatwa na kuungwa upya na fundi mpaka likamfaa. Huniuliza mimi kwa sababu nimepiga yote mawili, katika kanisa moja la Kisauni, miaka ile vita vikubwa vilipokwisha na meli za bidhaa zikaanza kurudi Kilindini. Jibu ninalo. Ila kila nikilitoa uso wangu hupata moto, na kwa umri wangu huu si vizuri mzee kuona haya mbele ya vijana.

Lile la kukatwa ndilo lililotangulia. Lilikuwa mali ya chama kimoja cha ngoma ya beni cha Likoni, watu wa kofia za kijeshi walizojishonea wenyewe na gwaride la siku za sherehe. Chama kilipovunjika kwa ugomvi wao, tarumbeta likabaki jikoni kwa mjane wa mpigaji wake, likila moshi. Mama yule alilitoa kwa kanisa letu, nadhani kwa furaha ya kupata pahala pa kutundika ungo. Nikapewa mimi kwa kuwa nilikuwa na kifua kipana, kazi ya bohari bandarini ilikuwa imenijenga, na kwenye kwaya sikutakiwa. Nikiimba wenzangu walikuwa wakisogea mbali nami.

Shida ni kwamba tarumbeta lile na kinanda cha kanisa havikupatana. Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, kimeletwa na wamishonari wa zamani, na sauti zake zote zilikuwa juu kidogo kuliko za tarumbeta. Tukipiga noti moja pamoja, husikii noti moja, wasikia mbili zinasukumana. Wanakwaya walikuwa wamezaliwa wakiimba na kinanda kile, masikio yao yameshakaa pale, hawakuweza kushuka wala hawakutaka. Basi baba mkwe wangu akasema kazi hiyo ni ndogo. Mrija ukiwa mfupi sauti hupanda, hivyo mrija ukatwe.

Baba mkwe alikuwa fundi wa shaba. Kibanda chake kilikuwa Changamwe, na humo alitengeneza stovu za mafuta, karabai, mabirika na kila kitu kilichotoboka. Alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa sauti. Akikwambia siri, jirani wa tatu aliitikia. Kila alichokitengeneza alikipiga alama yake kwa msumari na nyundo, nukta tatu zilizokaa kama mafiga, na mtu akipita njiani na kitu chenye nukta hizo, mkwe husimamisha baiskeli akasema, "Mkono wangu huo!"

Alilikata tarumbeta la Likoni kwa msumeno wa chuma. Alikata mrija mkubwa, akakata na mirija midogo ya vibonyezo vitatu, akaunga kwa risasi na viraka vya shaba alivyovitoa kwenye tangi la karabai iliyokufa. Springi moja ilikuwa imekatika, akatia ya waya wa mwavuli. Tundu la kutolea mate likazibwa kwa mpira wa baiskeli. Alipomaliza, tarumbeta lilipatana na kinanda sawasawa, hilo sitalikana hata kidogo. Lakini kulitazama! Lilikuwa na makovu, lilikuwa na vifundo, na pembeni mwa mdomo wake mpana zile nukta tatu zilikaa wazi kabisa, kila mtu azione. Kibonyezo cha waya wa mwavuli kilirudi kwa mlio. Na upepo ulivuja kwenye kiraka kimoja, kwa hiyo kila noti ilitanguliwa na pumzi ya mgonjwa.

Nililionea haya tarumbeta lile kuliko nilivyowahi kukionea haya kitu chochote. Kwenye arusi za Mkomani na Mtopanga tulikutana na wapigaji wa mjini wenye matarumbeta yanayong'aa, wakaniuliza kwa adabu nyingi, "Hilo ni la aina gani, bwana?" Kabla sijajibu, kutoka nyuma ya watu, sauti ya Changamwe ingevuma, "Mkono wangu huo!" Kisha mkwe angefika mwenyewe, angelichukua mikononi mwangu na kuanza kuwaonyesha kiraka kimoja kimoja. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

Kusema sikuweza. Kwetu mtu hamwambii mkwe wake neno la kukataa usoni. Ukimpa kitu unampa kwa mikono miwili, akisema unaitika, akikosea unanyamaza. Lakini nisije nikamfanya mgeni adhani sisi tulikuwa mabubu. Njia ilikuwapo, nayo ni binti yake. La mkwe lapita kwa mke. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu baba mkwe alitangaza kwamba nitaacha bohari nihamie Changamwe nikampulizie moto kibandani. Sikulala. Mke wangu aliniona ninavyogeukageuka, akaniuliza wataka nini hasa, nikamwambia. Asubuhi alijifunga leso akaenda kwa babake, na alasiri alikuwa amerudi na embe mbichi.

"Umemwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia hutaki."

"Akasemaje?"

"Amecheka. Asema wewe mkono wako mwepesi, ungemwunguzia kibanda."

Ndivyo lilivyokwisha. Nimelieleza jambo hili mapema kwa makusudi, mtu asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Sasa lile la kuagiza. Kanisa letu liliezekwa upya kwa mabati, na ikaamuliwa kufanywe sherehe, makanisa ya Changamwe na Likoni yaalikwe. Kina mama wakasema haifai wageni waje chini ya paa jipya wapigiwe chombo chenye viraka. Waliuza mikeka, nazi na kuku, wakapata cha kutosha tarumbeta jipya, na si la rafuni, la kuundwa kwa ajili yangu. Mimi nilifurahi hata nikaona aibu kwa furaha yenyewe, maana baba mkwe alikuwapo kwenye kikao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Alikuwa akikuna kiraka cha suruali yake kwa ukucha.

Tulikwenda mjini kundi zima, kasisi, mama mkuu wa kwaya na mimi, tukavuka daraja la Nyali kwa miguu hadi duka la Mgoa mmoja aliyeuza ala za muziki. Mtu huyu pia aliongoza bendi ya dansi iliyopiga kwenye kumbi za kisiwani. Alinipima. Alipima midomo yangu kwa rula ndogo, akatazama meno, akapima vidole na umbali wa kitovu cha kiganja mpaka ncha. Mama mkuu wa kwaya alicheka akasema afadhali angekuwa anashona suti. Mwishowe Mgoa akauliza, "Kimo cha sauti, cha zamani au kipya?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua ya kwamba kuna vimo viwili duniani.

"Kipya!" tukasema wote watatu, kwa nguvu, na kasisi akaongeza kwamba hatukutembea kote huko kuja kuagiza cha zamani.

Meli ilichelewa. Tarumbeta lilifika wiki ya sherehe yenyewe, nikaitwa dukani nilichukue. Nililijaribu palepale. Nimejaribu mara nyingi kueleza hisia ile na sijafaulu, kwa hiyo nitasema kwa ufupi tu kwamba nilikuwa nimezoea kusukuma mlango, na sasa mlango ulikuwa wazi. Sauti ilitoka kabla sijamaliza kuitaka. Vibonyezo vilishuka na kupanda bila kelele. Mdomo wa kupulizia ulinikaa kana kwamba nilizaliwa nao. Mgoa akachukua fidla yake, tukapiga pamoja wimbo mmoja wa dansi niliokuwa nimeusikia tu kwa mbali, na sauti zetu zikakaa juu ya noti moja bila kusukumana. Aliweka fidla chini akanitazama.

"Mpigaji wangu arudi kwao Krismasi," akasema. "Nina nafasi. Ukija na hili, nafasi ni yako. Lile la viraka nililolisikia arusini usilete, halipatani na mtu."

Nilivuka daraja nikirudi kama sikanyagi mbao. Bendi ya mjini! Mwaka mzima nilikuwa nikisimama nje ya ukumbi wao kusikiliza. Lakini nyumbani sikusema neno. Mke wangu alikuwa mwanakwaya, na kwa watu wa kanisa letu dansi lilikuwa jambo la walevi. Niliona haya kumwambia kwamba mumewe ataka kuwapigia walevi. Nikajiambia nitamwambia baada ya sherehe, atakaponiona vizuri.

Nilitaka walau nijaribu kupiga na kinanda kabla ya siku yenyewe. Mama mkuu wa kwaya akanikatalia kabisa. Chombo cha kanisa hakipulizwi kanisani kabla hakijabarikiwa, akasema, na akalifunga kwenye kitambaa cha madhabahu akaondoka nalo.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu wa Changamwe walikuwa upande mmoja, wa Likoni upande mwingine, na Mgoa nilimwalika mimi mwenyewe, amekaa nyuma na kofia juu ya goti. Baba mkwe alikuwa benchi la wazee, kavaa koti, miguuni pake fuko la vyombo vyake ambalo hakuliacha hata kwenye mazishi. Kasisi akalibariki tarumbeta. Kinanda kikaanza, kwaya ikavuta pumzi, nami nikapuliza.

Naomba mtu yeyote aliyewahi kuingia shughuli ya watu na vazi lililochanika nyuma akumbuke alivyojisikia. Tarumbeta lilikuwa chini, kinanda juu, na kwaya kati ikayumba huku na huku kutafuta pa kushika. Niliusukuma mrija wa kurekebishia mpaka mwisho, wapi. Nilipuliza kwa kukaza midomo, ikawa mbaya zaidi. Watoto wa Likoni walianza kucheka, wakafinywa, wakaendelea. Ubeti wa pili tukaukatisha. Mama mkuu wa kwaya alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, na niliwaona kina mama waliouza kuku zao wakinitazama kama nimewaibia.

Kasisi akatangaza mapumziko, jambo ambalo ibada yetu haikuwa nalo. Tulitoka nje kwenye kibanda cha kupikia. Ndipo baba mkwe alipokuja. Alikuja akitabasamu, na ile sauti yake imerudi nzima.

"Ni lilelile!" akasema, akipiga viganja. "Mrija mrefu. Nililikata lile, na hili nitalikata. Dakika si nyingi tutaimba. Leteni meza!"

Alitoa jiliwa fukoni, ile ya kubania vyuma, akaifunga kwenye ukingo wa meza. Akatoa tupa, akatoa msumeno. Mtu akawasha stovu ya kuyeyushia risasi. Watu wakajipanga kutazama.

Mgoa alikuwa ameshanifikia. Alinishika kiwiko.

"Mzuie," akanong'ona. "Tarumbeta halina kosa. Kinanda chenu ndicho cha kimo cha zamani. Kinanda chaweza kurekebishwa, hata mimi nitakirekebisha. Tarumbeta likikatwa limekatwa. Na mimi kwenye bendi silitaki tena."

"Ni mkwe wangu," nikasema.

"Basi?"

"Siwezi kumwambia."

"Nimwambie mimi?"

"La, la! Utamvunjia heshima mbele za watu."

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha anayoijua ikisema kitu asichokielewa. Mimi nikajiona mwenye adabu kubwa. Naona haya zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote, kwamba kwa kitambo kidogo pale nilijisifu moyoni.

"Lete, mwanangu," akasema baba mkwe.

Nikampa. Kwa mikono miwili, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Akaniambia nishike upande wa mdomo mpana ili lisitikisike, nami nikashika. Msumeno ulipoingia nilisikia mtetemo ukinipanda mpaka kwenye meno yale yale yaliyotazamwa dukani. Unga wa shaba uliangukia viatu vyangu vya sherehe. Nilikuwa nimekaza macho kwenye viatu hivyo, na sikuyainua mpaka kazi ilipokwisha. Aliukata mrija mkubwa, akakata na midogo, akaunga. Moto wa stovu uliunguza rangi yake ya dhahabu ikawa kama sufuria. Nusu ya kazi hiyo aliifanya akiimba.

Halafu akatoa msumari na nyundo. Tap, tap, tap.

"Mkono wangu huo!" akawaambia watu wa makanisa matatu, na sauti ikamkatika kidogo. Macho yake yalikuwa na maji. Tangu siku ya kile kikao alikuwa hana kazi katika maisha yetu, na sasa alikuwa nayo. Niliona hayo, na ningependa kusema kwamba ndiyo sababu nilinyamaza. Ningekuwa mwongo, maana niliyaona baadaye.

Tulirudi ndani tukaimba. Tarumbeta likapatana na kinanda, kwaya ikaimba kwa nguvu ya watu waliookolewa, kina mama wakapiga vigelegele. Sasa lilikuwa kama lile la Likoni, na upepo ulivuja kidogo palepale palipovuja lile. Nilipotafuta kwa macho benchi la nyuma, Mgoa alikuwa amesimama anavaa kofia. Aliniinamishia kichwa kwa upole, akatoka.

Tulitembea kurudi nyumbani jua bado liko juu, mke wangu na mimi, tarumbeta kwapani. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza kumlaumu babake. Nikamwambia amenikatia bahati yangu, na kwamba mimi ningefanya nini, ni mkwe wangu, mtu hamkatazi mkwe.

"Bahati gani?" akauliza.

Nikamwambia yote, duka, fidla, nafasi ya Krismasi, bendi ya kisiwani. Alisimama njiani.

"Bendi ya dansi."

"Ndiyo."

"Wataka kupiga dansi, na hukuniambia."

"Niliona haya. Nilidhani utanichukia."

"Mimi nilipokuwa msichana nilikuwa nikitoroka kwenda kusikiliza hiyo bendi," akasema. "Baba ajua. Alinifuata siku moja kunirudisha, naye akabaki kusikiliza."

Nikarudia lile langu, kwamba kwa heshima ya ukwe nisingeweza kumzuia.

"Usimsingizie baba, wala heshima usiisingizie," akasema, na hakupaza sauti. "Wewe ndiye mkwe wake. Mimi ni mwanawe. Nilisimama hapo mezani, mbele yako, ng'ambo ya jiliwa. Nilimwona yule Mgoa akikunong'oneza. Nilikuona ulivyogeuka rangi nikajua kuna kitu, ila sikujua wataka nini. Nilikuwa nangoja uniangalie tu. Ungeinua macho mara moja, ningemwambia 'Baba, acha,' naye angecheka, kama siku ile."

Akanyoosha mkono akalichukua tarumbeta. Alipitisha kidole juu ya zile nukta tatu, ambazo bado zilikuwa na makali. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kichwa chini, kama mtu anavyompa mkwe.